Makaa, gesi au stima: uokee keki ya nyumbani kwa jiko gani?

Shule zikifungwa na nyumba ikajaa watoto, mkate wa dukani haufiki saa nne asubuhi. Hapo ndipo wengi huanza kuwaza keki ya nyumbani, na hapo hapo hukwama. Jiko la makaa liko nyuma ya mlango, mtungi wa gesi uko jikoni, na kila ukipita madukani mjini unaikuta ile oveni ndogo ya stima imepangwa mbele kabisa. Jirani mmoja anaapa kwa makaa, mwingine anasema makaa ni ushamba.

Ulinganisho huu ni wa mpishi wa kawaida, awe Kondele pale Kisumu, Kakamega mjini au Nakuru, anayetaka keki ya Jumapili, mkate wa ndizi mbivu na pengine kastadi. Anayetaka kuoka wa kuuza nimemwekea neno mwishoni.

Tupime kwa vipi?

Kabla ya bei, uliza joto linatoka upande gani. Keki huiva vizuri joto likiizunguka. Joto la chini huiinua na kuivisha kitako. La juu hufunga uso na kuupa rangi ya kahawia. Jiko lenye joto la chini pekee litakupa keki iliyoiva lakini imepauka juu, na jiko lisilopunguzika moto litakupa kitako cheusi na kati mbichi. Mtu akiniambia keki yake imeharibika, huwa nauliza moto kwanza, unga baadaye.

Kisha pesa, nazo ziko mara mbili: za kuanzia na za kila keki. Kuna jiko la bure lenye keki ghali, na kuna jiko ghali ambalo keki yake haili kitu. Halafu uangalizi: unaweza kuweka keki ukaenda kuanika nguo, au lazima ukae hapo? Hatari nayo, hasa penye watoto. Na mwisho kabisa, nyumba unayoishi na vitu unavyopenda kuoka, maana biskuti na kastadi haziombi moto wa aina moja.

Rojo moja kwa majiko yote

Ili tusidanganyane, tumia rojo lile lile kila mahali: unga wa ngano gramu 250 (vikombe viwili), beking pauda vijiko viwili vya chai, margarini gramu 125, sukari gramu 150, mayai matatu na maziwa nusu kikombe. Piga margarini na sukari hadi zipauke na kulainika, tia yai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, na maziwa mwishoni. Paruza ganda la limau humo ukipenda. Unga ukishaingia acha kukoroga kwa nguvu, la sivyo keki itakuwa ngumu kama mkate wa juzi. Rojo hilo linatosha bati la duara la sentimita 20.

Sasa jambo ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayasemi, kwa sababu yameandikiwa jikoni zilizo karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Kakamega kama 1,500, Nakuru kama 1,850, Eldoret karibu 2,100. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka kwa haraka zaidi. Keki inaumuka mbio kabla unga na mayai havijashikana, kisha inabonyea katikati. Maji nayo yanachemka mapema: Kisumu kama nyuzi 96, Nakuru kama 94. Kwa hiyo unyevu unatoka upesi na keki inakauka.

Kisumu rojo la hapo juu liache lilivyo. Nakuru punguza beking pauda iwe kijiko kimoja na nusu, ongeza maziwa vijiko viwili vya mezani, na punguza sukari kidogo. Eldoret shusha beking pauda hadi kijiko kimoja na robo. Mtu akitoka Kisumu na keki yake isiyomwangusha, akaioka Nakuru kwa shemeji ikabonyea, asilaumu jiko la watu. Tofauti nyingine ni margarini: Kisumu mchana inakuwa laini yenyewe mezani, lakini Nakuru mwezi wa Julai utahitaji kuikata vipande na kuisogeza karibu na jiko kabla haijakubali mwiko.

Jiko la makaa na sufuria

*Joto.* Watu wengi wasiolijua jiko hili hushangaa kuambiwa kwamba, kati ya majiko mawili yasiyo oveni, hili ndilo lenye joto la juu. Vifuniko vya sufuria zetu ni bapa na vina ukingo; ukikigeuza kifuniko, kinakuwa sinia la makaa. Weka makaa machache chini na mengi juu: theluthi chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Wanaounguza kitako karibu wote hufanya kinyume, wanaacha jiko limejaa na kutupia vipande vitatu juu kama mapambo.

Chukua sufuria kubwa nzito, weka ndani mawe madogo bapa au mchanga safi mkavu wa kina cha vidole viwili, ifunike, ipashe moto dakika kumi. Kisha ingiza bati la keki likae juu ya mawe, lisiguse kuta. Funika, panga makaa juu kwa duara kuelekea ukingoni kuliko katikati. Usifunue kabla ya dakika 30. Keki huwa tayari kati ya dakika 40 na 50, na kijiti kikitoka safi umemaliza.

Aina ya makaa ina neno lake. Makaa mazito ya miti migumu kama mgunga hukaa muda mrefu na moto wake hautetereki. Makaa mepesi huwaka kwa kishindo na kufa keki ikiwa nusu. Yale yanayofinyangwa kwa vumbi la makaa ni mazuri sana kwa kuoka, kwa sababu moto wake ni wa polepole, ingawa kuyawasha kunataka subira. Jiko lenye kauri ya udongo ndani linashika joto vizuri kuliko la bati tupu.

*Pesa.* Za kuanzia karibu hakuna, maana jiko na sufuria unavyo. Za kila keki zinategemea unanunua makaa vipi. Anayenunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, barabarani hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia zima, na keki moja inaweza kumaliza gorogoro ukijumlisha ya chini na ya juu. Ujanja ni kuoka jiko likiwa tayari na kazi nyingine: maharagwe yakishaiva, moto uliobaki ndio wa keki.

*Uangalizi.* Mwingi. Kisumu alasiri upepo wa ziwani ukianza, upande mmoja wa jiko unawaka zaidi na keki inaiva kimshazari. Zungusha sufuria robo duara kila baada ya dakika kumi, na ukinge upepo kwa bati au ukuta. Mvua ya jioni nayo haibishi hodi.

*Hatari.* Hapa sina mzaha. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Usioke ndani ya chumba kilichofungwa, na usiingize jiko ndani ya nyumba eti usiku ni baridi. Sufuria yenye moto juu na moto chini pia si kitu cha kuachwa njiani pa watoto.

*Inamfaa nani.* Mwenye boma lenye uwanja au veranda, anayeoka mara moja moja, na asiyeona kero kukaa kando ya jiko akichambua mboga. Keki, mkate wa ndizi, hata mkate wa hamira hutoka na uso wa kahawia na harufu ya moshi kidogo ambayo wengine tunaipenda kuliko vanila. Biskuti ni shida: bati linaingiza chache mno.

Gesi na sufuria nzito

*Joto.* Linatoka chini pekee. Hilo ndilo umbo lake, na hakuna ujanja utakaoligeuza kabisa. Sifa yake ni kwamba unalipunguza kwa kidole, jambo ambalo makaa hayana.

Mpango wa sufuria ni ule ule: mchanga mkavu au chumvi ya mawe chini, bati juu yake, kifuniko kinachobana. Pasha kwa moto wa wastani dakika kumi, ingiza keki, kisha shusha moto hadi chini kabisa. Iache dakika 45 hadi saa nzima. Tatizo la pili ni mvuke: unapanda, unagonga kifuniko, unadondoka juu ya keki na kuacha madoa mabichi. Funga kifuniko kwa kitambaa safi cha pamba na ukusanye pembe zote juu zifungwe fundo, zisining'inie karibu na moto. Uso uliopauka unaweza kuupa rangi kwa kuigeuza keki dakika mbili tatu kwenye kikaango kikavu chenye moto mdogo.

Kamwe usitumie sufuria ya kisasa yenye rangi nyeusi isiyoshika chakula kwa kazi hii. Ikipashwa ikiwa tupu na ikazidi nyuzi 260 hivi, ile rangi huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Sufuria nyembamba ya alumini nayo itapinda kitako. Tafuta nzito iliyozeeka. Mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, Kisumu, wanazo, na baada ya miezi kadhaa ya kuoka haitafaa kwa ugali, kwa hiyo itenge.

*Pesa.* Hapa gesi inang'ara. Kichomeo kidogo chenye nguvu ya kilowati moja hula kama gramu 80 za gesi kwa saa, na kikishushwa hula chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo keki moja haifiki gramu 100 katika mtungi wa kilo 6. Gawanya bei unayolipa kujaza mtungi kwa 60 utapata gharama ya juu kabisa ya keki moja. Ukiwa na meko, yaani kichomeo kinachokaa juu ya mtungi wenyewe, hesabu huongezeka, kwa kuwa kichomeo chake ni kikubwa na baadhi hukataa kushuka vizuri. Kipande cha bati nene kati ya moto na sufuria husaidia.

*Uangalizi.* Wa kati. Ukishajua moto wako unaweza kufanya kazi nyingine jikoni humo humo. Usitoke nyumbani.

*Hatari.* Sufuria yenye mchanga na keki ni nzito, na juu ya meko inakaa mahali pa juu kama mtu aliyebebwa mabegani. Mtoto akivuta, vyote vinaanguka. Jiko la vichomeo viwili mezani ni salama zaidi kwa kuoka. Angalia pia mpira na regyuleta, na dirisha liwe wazi.

*Inamfaa nani.* Mpangaji wa chumba kimoja au viwili. Pia anayependa keki za kupakwa krimu au aising, maana uso uliopauka unafunikwa na hakuna atakayejua. Na kuna kitu kimoja ambacho kwacho gesi inalishinda kila jiko: kastadi ya karameli. Piga mayai matatu na maziwa vikombe viwili na sukari vijiko vitatu vya mezani, chuja, mimina kwenye bakuli la bati lenye sukari iliyoyeyushwa hadi ikawa kahawia, funika, kisha weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu yake. Moto uwe mdogo, maji yatetemeke tu bila kuchemka kwa nguvu, dakika 40. Ikipoa igeuze kwenye sahani. Ukitaka kuanza safari ya vitamu vya nyumbani bila kununua hata bati, anzia hapo.

Oveni ndogo ya stima

*Joto.* Juu na chini, na lina namba. Weka nyuzi 180, subiri dakika kumi na tano ipate moto kweli, ingiza keki rafu ya katikati, dakika 35 hadi 45. Namba hiyo lakini usiiamini kama hati ya shamba: oveni za bei nafuu huweza kukosea kwa nyuzi nyingi juu au chini. Thamometa ya oveni ya kuning'iniza ndani ni ndogo na inamaliza ubishi. Katika oveni ndogo keki iko karibu na waya wa moto, hivyo uso ukianza kuwa mweusi kabla ya kati kuiva, funika kwa karatasi ya foili.

*Pesa.* Hii ndiyo inayohitaji kuweka akiba au kuingia chama. Baada ya hapo, hesabu ni nyepesi: oveni ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ingekula yuniti moja na nusu, na kwa kuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, hula pungufu. Chukua ujumbe wa tokeni zako za mwisho, gawanya pesa kwa yuniti ulizopata, zidisha kwa moja na nusu. Keki mbili mfululizo hazifiki gharama mara mbili, sababu oveni tayari ina moto.

*Uangalizi.* Mdogo kuliko yote. Ina saa, ina kengele. Shida ni stima yenyewe kupotea. Ikipotea keki ikiwa na dakika kumi tu, keki hiyo itabonyea, mpe mtoto na kijiko. Ikipotea baada ya nusu saa, usifungue mlango. Joto lililobaki ndani laweza kuimalizia.

*Hatari.* Waya. Wati 1,500 hadi 2,000 ni ampea sita hadi zaidi ya nane, na zile nyaya nyembamba za kurefushia zinazouzwa barabarani hupata moto. Chomeka oveni moja kwa moja ukutani, peke yake. Na kama mita ni ya ploti nzima, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Wengi hawataki kusikia habari ya kitu chochote cha kupasha moto, na keki si sababu nzuri ya kutolewa vitu nje.

*Inamfaa nani.* Mwenye mita yake, anayeoka kila wiki. Biskuti, skonzi, piza, keki ndogo za vikombe: hivi ni vya oveni, wala usijisumbue kuvilazimisha kwenye sufuria.

Na kabla hujanunua, fungua mlango wa chini wa jiko lako la kusimama, kama unalo. Nyumba nyingi zina oveni nzima ya gesi humo iliyogeuzwa kabati la sufuria. Toa sufuria, angalia kama kichomeo kinawaka, pengine safari ya dukani imeisha.

Basi uchague vipi

Unaishi ploti, mita ni ya pamoja, na unaoka mara moja kwa mwezi: gesi na sufuria nzito. Tumia pesa zako kwenye bati zuri la keki na mizani ndogo, si kwenye jiko jipya.

Uko nyumbani mashambani, Vihiga au Siaya, makaa ni ya gunia na uwanja upo: jiko la makaa. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zisitupwe. Ndizi tatu zilizopondwa zichukue nafasi ya maziwa, na sukari ipungue hadi gramu 100.

Una watoto wadogo wanaokimbia jikoni na huna wa kukusaidia: oveni mezani, isukumwe nyuma kabisa, au usubiri walale. Makaa yaache kabisa.

Unaandaa keki ya sherehe yenye aising: gesi inatosha. Oka mapande mawili membamba badala ya moja nene, yataiva sawasawa na huna haja ya kukata katikati.

Stima kwenu hupotea kila mvua inapokusanyika: oka asubuhi, au baki na gesi na uache oveni dukani. Ukiwa tayari unayo, sufuria nzito bado iweke karibu.

Uko Nakuru au juu zaidi: jiko lolote, ila badilisha rojo kwanza kabla hujabadilisha jiko.

Unafikiria kuuza: mteja anataka keki ya leo ifanane na ya wiki jana, kwa hiyo sufuria haitakufikisha mbali. Oveni ya stima itakutosha kwa oda chache. Zikizidi, mafundi wa jua kali hutengeneza oveni za makaa zenye rafu kadhaa, zinazooka hata stima ikiwa imepotea. Leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula uvitafute mapema, kabla ya oda ya kwanza kubwa.